HIVR4P mtandaoni: Cape Town sikufika, mkutano nimeuhudhuria saluni Majengo

Watu kama watano hivi wameniuliza inboksi kama ule mkutano wa utafiti wa HIV ulikuwa na maana ama ni zile webina za kukaa nusu saa unatazama paji la uso la mtu akiuliza mnanisikia jamani, mnanisikia. Wacha niandike mara moja niachane nayo. Naupa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitawaambia imeenda wapi.

Kwa wasioujua, HIVR4P ni mkutano wa kisayansi wa dunia nzima lakini wa kinga peke yake. Huko hawaendi kuongea mambo ya matibabu sana, ni chanjo, PrEP (dawa anazotumia mtu ambaye hana virusi ili asivipate), pete ya ukeni yenye dawa, kingamwili (wale askari wa mwili wanaopigana na virusi), yaani vitu vya kumzuia mtu asiambukizwe kabisa. Wa kwanza ulikuwa Cape Town 2014, ukaenda Chicago 2016, Madrid 2018, na wa nne ulikuwa urudi Cape Town Oktoba 2020. Na mimi nilikuwa kwa listi ya kwenda! Pasipoti nilikuwa nishaifuatilia mpaka askari wa mlangoni ananijua kwa jina, sweta ya upepo wa kule nimechagua Gikomba kwa utaratibu, shangazi wote wameshaambiwa mtoto wao anapanda ndege. Halafu korona ikaingia, mnajua ilivyokuwa, mkutano ukasongeshwa mbele na ukahamishiwa mtandaoni, ukafanywa tarehe 27 na 28 Januari halafu 3 na 4 Februari 2021. Sweta nimempa mdogo wangu wa kidato cha tatu.

Mimi ni mwelimishaji rika, kazi yangu iko Majengo na Pumwani yote ile, hapa Nairobi, na pia nakaa kwa CAB, ile bodi ya watu wa mtaa ambayo watafiti wanafaa kuisikiliza kabla hawajaanza kudunga watu sindano. Hii inaleta kichekesho kimoja niwape mapema. Dawa kubwa ya mkutano huu ni sindano ya kinga inaitwa cabotegravir na wanasayansi wanaifupisha CAB. Sasa mwenzangu mmoja mgeni kwa bodi akasikia kwa simu profesa anasema CAB kila wiki nane, akanigeukia macho yametoka, "Kwani mikutano yetu imeongezwa? Na nauli ni ile ile?" Tulicheka mpaka tukapitwa na slaidi mbili.

Bei ya kujisajili siwezi kuwaambia ni ghali ama ni rahisi kwa sababu sikulipa mimi, shirika lililipa. Ninachoweza kuwaambia ni bando. Siku ya kwanza nilikuwa nyumbani Kayole na intaneti ya ploti, hiyo ya waya tunachangia nyumba sita, kampuni siitaji, wanajijua. Mtu akaanza kueleza matokeo ambayo nimeyangoja miaka minne, picha ikaganda mdomo wazi, ikaganda, ikaganda, kurudi anasema asanteni sana. Nikahamia bando za simu. Halafu stima ikaenda. Kufika jioni simu iko asilimia nne na mimi nimeshikilia pawabenki ya jirani kama mgonjwa na dripu. Kwa hizo siku nne nilichoma bando za karibu elfu moja mia tano, na hiyo ni nikiwa nimezima video ya kwangu wakati wote.

Siku ya pili nikabadilisha mbinu. Kuna saluni moja Majengo ambayo ndiyo ofisi yetu kusema ukweli, kina dada wanakuja hapo hata kama hawasukwi, na mwenye saluni ana waifai nzuri kuliko ofisi nyingi za mjini. Nikaegemeza simu kwa mkebe wa mafuta ya nywele, nikaunganisha na ile spika yake ya kuchezea miziki, tukakaa. Tulianza watatu, tukaisha tisa, mmoja ana dawa kichwani anangoja kuoshwa. Mimi natafsiri huku nakimbizana na Kizungu cha profesa, na kila drayeri ikiwashwa mtu anapiga kelele zima hiyo kitu tunasikiza mambo ya maana.

Sasa mambo yenyewe.

Kitu cha kwanza kilichotukalisha ni AMP. Huu ni utafiti wa kingamwili inaitwa VRC01, ilipatikana kwa damu ya mtu anayeishi na virusi, ikatengenezwa kwa wingi, halafu watu wanawekewa kwa dripu kila wiki nane. Majaribio yalikuwa mawili, moja la wanaume na watu waliobadili jinsia, watu 2,701 huko Marekani, Peru, Brazil na Uswisi, na jingine la wanawake 1,924 wa nchi saba za Afrika, Kenya imo, Tanzania imo. Matokeo kwa jumla ni kwamba haikuzuia maambukizi. Hapo saluni pakanyamaza. Lakini kumbe hadithi haijaisha, kwa sababu walipoangalia virusi vyenyewe wakakuta kuna aina ambazo hiyo kingamwili inaziweza, na kwa hizo peke yake ilizuia kama asilimia 75. Shida ni kwamba hizo aina ni kama tatu kwa kila kumi ya zile zinazozunguka huko nje.

Nikatafuta namna ya kulisema hilo. Nikawaambia fikirini mna ufunguo mmoja na kufuli kumi, tatu zinafunguka vizuri, saba hata hazigeuki. Mama mmoja anayeuza samaki hapo nje akasema, "Basi huo ni ufunguo wa kwa jirani." Maprofesa walitumia slaidi kumi na kitu na sidhani kuna aliyelisema vizuri zaidi. Ila faida yake iko, sasa wanajua kingamwili inaweza kukinga mtu, kazi iliyobaki ni kuchanganya funguo kadhaa kwa pete moja ya funguo.

Cha pili ni hiyo CAB ya sindano, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndiyo sababu nilitaka mkutano huu. Utafiti unaitwa HPTN 084, wanawake zaidi ya 3,200 wa Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Kenya, Malawi, Uganda na Zimbabwe. Nusu walipata sindano ya makalio kila wiki nane, nusu walipata tembe za PrEP za kila siku. Novemba 2020 waliusimamisha kabla ya wakati, na safari hii kusimamishwa kulikuwa habari njema, kwa sababu kati ya maambukizi 38, yaliyotoka upande wa sindano yalikuwa manne na upande wa tembe 34. Wanasema sindano ilikuwa bora kwa asilimia 89. Aliyeongoza utafiti ni Profesa Sinead Delany-Moretlwe wa Johannesburg, anaongea polepole, namba zake anazieleza, huyo nilimwelewa bila kusimamisha video, Mungu ambariki.

Watu wa nje wakisikia hivyo wanadhani tembe ni mbaya. Tembe si mbaya, tembe inafanya kazi ukiimeza. Shida ni kuimeza, na hapo hakuna wa kunifundisha mimi, nimegawa hizo tembe tangu PrEP ianze kutolewa hapa kwetu 2017. Ule mkebe unalia! Unatembea nao kwa mkoba unalia kama kayamba, na vile unafanana na mkebe wa ARV kila mtu kwa matatu anageuka. Kina dada wanazitoa wanafunga kwa tishu, zinaingia jasho, zinageuka unga. Mwingine anaficha kwa gunia la mchele, bwana anapika siku moja tu katika mwaka mzima na siku hiyo ndiyo anazipata. Mwingine amelala kwa mteja siku tatu na mkebe uko nyumbani. Sasa unamwambia huyo mtu kuna kitu unadungwa leo, unarudi baada ya miezi miwili, hakuna cha kuficha. Dada aliyekuwa na dawa kichwani alisimama akauliza, "Inadungiwa wapi? Hata leo mimi niko." Nikamwambia keti kwanza uoshwe kichwa kitaungua, hiyo dawa bado haijafika kliniki yetu, hayo bado ni matokeo ya utafiti.

Halafu kuna pete. Hii ilikuwa bahati ya tarehe, WHO walitoa pendekezo lao kuhusu pete ya dapivirine tarehe 26 Januari, mkutano unaanza kesho yake, kwa hivyo kila mtu alikuwa nayo mdomoni. Ni pete laini ya silikoni, mwanamke anajiwekea mwenyewe ukeni, inakaa mwezi mzima ikitoa dawa pole pole, halafu anabadilisha. Kwa majaribio mawili makubwa ilipunguza maambukizi kwa asilimia 27 kwa moja na kama 35 kwa jingine. Wa hapo saluni hawakufurahia hiyo namba, na mimi sikuwalazimisha wafurahie. Maswali yao hayakuwa hata ya namba, yalikuwa je mteja ataisikia, je nikiwa kwa hedhi inakuwaje, je ikianguka chooni. Mama wa samaki akasema yeye kitu cha thelathini asilimia hanunui, dada mwingine akamjibu kwamba wewe bwanako anavaa kondomu ukimwambia, wangu havai, thelathini ni yangu na hakuna wa kuniuliza. Hapo ndipo nilitamani sana maprofesa wangekuwa wanatusikia sisi badala ya sisi kuwasikia wao.

Chanjo sasa. Hapa roho zilikuwa zimeshavunjika mapema kwa sababu Februari 2020 ule utafiti mkubwa wa chanjo wa Afrika Kusini, HVTN 702, watu zaidi ya 5,400, ulisimamishwa kwa kuwa chanjo haikuonyesha dalili ya kukinga. Kwa hivyo wiki ya pili William Schief wa Scripps Research, taasisi ya utafiti ya Marekani, alipoanza kueleza jaribio lao na IAVI, shirika la kutafuta chanjo ya UKIMWI, watu wawili walikuwa wameshatoka kwenda kununua mandazi. Wakakosa kitu kizuri. Ni jaribio dogo sana, watu wazima 48 huko Marekani, na halikuwa la kuona kama chanjo inakinga. Walitaka tu kujua kama wanaweza kuamsha zile seli chache mno za mwili ambazo siku moja zinaweza kufundishwa kutengeneza kingamwili kali. Na kwa waliopata chanjo, asilimia 97 seli ziliamka. Niliwaeleza hivi, mtoto ameingia nasari na ameshika penseli vizuri, sasa kuna darasa la kwanza, la pili, mpaka ule mtihani wa KCPE wa kumaliza msingi, kila darasa na chanjo yake tofauti. Mmoja akauliza, "Na mpaka chuo kikuu ni miaka mingapi?" Sikuwa na jibu, nikanywa chai.

Swali lililonitoa jasho ni lile ambalo nyote mnalijua, mbona korona imepata chanjo chini ya mwaka na hii yetu inakaribia miaka arobaini. Nilijaribu. Korona watu wengi wanapona wenyewe, kwa hivyo mwili unajua njia, chanjo inaufundisha tu kitu unachokiweza. HIV ni nadra mno mwili kuifukuza wenyewe ukaimaliza kama homa, inajipachika ndani kabisa ya seli na kila siku inabadilisha nguo. Wakanikubalia nusu. Hiyo nusu nyingine walisema ni pesa, korona imewashika matajiri, na sikutaka kubishana nao kwa sababu hata mimi usiku nikilala nafikiria hivyo hivyo.

Hapo saluni kulikuwa na shosho mmoja, amestaafu kazi zote, anakuja kukaa tu. Yeye ni wa ile miaka ya themanini, wakati kina Dokta Frank Plummer wa Canada na marehemu Profesa Elizabeth Ngugi walianza ile kliniki ya kina mama wa Majengo waliokuwa kwa biashara ya ngono. Mnaijua hiyo hadithi, ama mnafaa kuijua, kwamba kati ya wale wanawake kulikuwa na wachache waliokutana na virusi miaka nenda miaka rudi na hawakuambukizwa, na dunia nzima ya utafiti wa chanjo ikageuka kuangalia Pumwani. Hata KAVI, kile kituo cha utafiti wa chanjo pale Chuo Kikuu cha Nairobi, walipofanya jaribio la kwanza la chanjo ya HIV nchini mwaka 2001, wazo lilitokana na hao kina mama. Plummer mwenyewe alifariki hapa hapa Nairobi Februari 2020, alikuwa amekuja kwa sherehe za miaka arobaini ya ushirikiano wa chuo chetu na kile cha Manitoba, Canada. Shosho alisikiza siku mbili bila neno. Halafu akasema, "Damu yetu ilipanda ndege. Sisi hatukupanda."

Hiyo ndiyo nyota ya nne ilipotoka, na naiweka hapa katikati kwa sababu ndipo ilipo. Kawaida mtaa unapata matokeo namna gani? Unaitwa hoteli fulani mwaka mmoja baadaye, unapewa soda na karatasi ya kurasa mbili, mtu anakushukuru kwa mchango wako. Sasa hivi shosho wa Majengo amesikia matokeo wiki ile ile na profesa wa Boston, amekaa kwa kiti cha drayeri, bila viza, bila barua ya mwaliko, bila kuulizwa ubalozini kama ana shamba la kumrudisha nyumbani. Cape Town angeenda mtu mmoja, mimi, nirudi na begi la kitambaa na kalamu. Kwa hiyo msinisikie nikilia sana kuhusu safari.

Nitalia kidogo lakini. Hiyo nyota iliyopotea imeenda kwa lugha. Kila kitu Kizungu, na si Kizungu cha kawaida, ni kile cha insidensi na hazadi resho, sentensi moja ina vifupisho sita. Nawaelewa, ni mkutano wa wanasayansi, hawakuja kufanya baraza la chifu. Lakini kama sehemu kubwa ya wanawake wa hizi tafiti wanaongea Kiswahili, Kizulu, Kichewa, Kiganda, hata dakika kumi za muhtasari wa lugha nyepesi mwisho wa kila kipindi zingefanya kazi yangu iwe nusu. Saa hii sauti imekauka, nakunywa tangawizi.

Mabango ya utafiti nayo, yale ya kusoma mwenyewe, kwa simu msijaribu. Herufi ni kama mbegu za sukuma, unavuta inakuwa kubwa unapotea hujui uko kona gani. Hilo si kosa la mtu, ni simu yangu, mwenye laptopu atafurahia. Na ile kitu ya kukutana na watu haipo kabisa. Kwa mkutano wa ana kwa ana unamvizia profesa kwa foleni ya chai, ana sahani mkono mmoja hawezi kukimbia, unamuuliza swali lako la mtaa na anakujibu kama binadamu. Kwa chati unaandika swali, unarekebisha Kizungu mara tatu, kabla hujabonyeza mada imeshahama.

Ambayo ndiyo ilinipata mimi, na hapa wa kulaumiwa ni mimi na intaneti. Yule dada wa dawa kichwani alinishika mkono akaniambia andika, uliza hiyo sindano inakuja lini Pumwani, andika hivyo hivyo, Pumwani. Nikaandika. Nilipobonyeza tu waifai ya saluni ikakatika, tokeni za stima zilikuwa zimeisha, mwenye saluni akakimbia kununua kwa simu na namba za mita hazipati, mambo ya gizani na tochi, na ilikuwa imeshapita saa mbili unusu, kafyu ya korona ilikuwa saa nne na wengine walikuwa wafike Dandora. Tukafunga.

Rekodi ninazo bado, vipindi vingi unaweza kurudia. Jumamosi hii saa nane mchana tutarudia kile cha HPTN 084 pale pale saluni, nitakuwa natafsiri na kusimamisha nikitaka. Mwenye simu ya skrini kubwa ama laptopu aje nayo, tokeni nitanunua mimi, na mama wa samaki ameshasema yeye ataleta omena.